Maswali ya Wasomaji: Kuiweka Monita Sawa, Mwangaza Kwanza, Rangi Baadaye

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu monita za kompyuta: picha zinazotoka giza kwenye karatasi, herufi zenye ukungu, weusi uliogeuka kijivu, macho yanayouma kabla ya saa ya kutoka kazini. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Kabla ya jibu la kwanza, ningependa msomaji ashike jambo moja litakalojirudia. Monita mpya huwekwa kiwandani ili ivutie dukani, chini ya taa kali na katikati ya monita nyingine zinazoshindana nayo. Haiwekwi kwa ajili ya meza ya mtu anayefanya kazi saa nane kwa siku. Ndiyo maana matatizo mengi yanayoitwa ya rangi huanza kutatuliwa kwa kurekebisha mwangaza, na wengi wanaozilalamikia rangi hawajawahi kuugusa mwangaza huo tangu siku walipoitoa monita kwenye boksi.

Ndugu mshauri, shikamoo. Mimi na mwenzangu tuna studio ya picha Temeke, Dar es Salaam. Picha za harusi tunazihariri kwenye monita ya inchi 24 na zinapendeza sana, lakini zikirudi kutoka maabara ya kuchapishia zinakuwa nzito na zenye giza: nyuso zimekolea kupita kiasi, na suti nyeusi ya bwana harusi imekuwa doa moja lisiloonyesha hata kola. Maabara wanasema mashine yao haina tatizo. Sasa tunaongeza mwanga kwenye kila picha kwa kubahatisha. Tufanye nini?

Marahaba, ndugu zangu. Inawezekana kabisa kwamba maabara wanasema kweli. Karatasi haina taa ndani yake. Hurudisha tu sehemu ya mwanga unaoiangukia, ilhali monita huwaka yenyewe. Monita nyingi za nyumbani na ofisini zinaweza kutoa mwangaza wa kandela (kipimo cha mwanga) 250 hadi 350 kwa mita ya mraba, na aghalabu hutoka kiwandani zikiwa zimefunguliwa karibu na kikomo hicho. Wanaohariri picha za kuchapishwa hufanya kazi kwenye kandela 80 hadi 120 tu, kulingana na mwanga wa chumba chao. Ikiwa monita yenu inawaka kwa 300, basi mnaitazama picha ikiwa na mwanga mara mbili na nusu hadi karibu mara nne ya ule ambao karatasi itaweza kuurudisha machoni pa mteja. Picha yenye giza inaonekana sawa, hivyo mnaipeleka maabara ikiwa na giza lake.

Marekebisho yenyewe hayahitaji kifaa chochote cha kununua. Washeni monita na kuiacha iwake kwa nusu saa, kwa sababu mwangaza na rangi zake hubadilikabadilika kidogo mpaka ipate joto. Fungueni ukurasa mweupe mtupu unaojaza kioo kizima. Chukueni karatasi ya picha isiyochapishwa kitu, ya aina ileile inayotumiwa na maabara, muishike kando ya kioo mahali ambapo taa mnayotazamia picha zilizochapishwa inaiangaza vizuri. Kama kioo kinaonekana kama taa na karatasi kando yake inaonekana ya kijivu, mwangaza umezidi. Ingieni kwenye menyu ya monita kwa vitufe vilivyo chini ya ukingo wake au nyuma yake, tafuteni mahali palipoandikwa Brightness, kisha mshushe hatua kwa hatua huku mkitazama vyote viwili, hadi weupe wa kioo na weupe wa karatasi vikaribiane kwa ukali. Namba ikishuka hadi 20 au 25 katika 100, msishangae wala msirudi nyuma. Kioo kitaonekana kimefifia kwa dakika chache, kisha macho yatazoea, na kesho yake mtashangaa mliwezaje kukaa mbele ya ule mwanga wa mwanzo.

Hapa ni lazima nizungumzie vitufe viwili vinavyochanganywa kila mara. Katika monita za kioo bapa za leo, Brightness hupandisha na kushusha taa iliyo nyuma ya kioo, na haiharibu chochote ndani ya picha. Contrast ni kitu kingine: huivuta na kuisukuma ishara ya picha yenyewe, na ukiipandisha sana, sehemu zote zenye weupe mwingi huungana kuwa weupe mmoja. Shela la bibi harusi lenye mikunjo kumi litaonekana kama shuka tupu. Iacheni Contrast kwenye namba iliyotoka nayo kiwandani, ambayo katika monita nyingi ni 50, 70 au 75. Katika monita za kale zenye tyubu, kitufe cha Brightness kilikuwa kinaongoza kiwango cha weusi, na bado kuna maelekezo ya zama hizo yanayosambazwa kana kwamba yanazihusu monita za sasa, msiyafuate. Zimeni pia kontrasti inayojibadilisha yenyewe, ambayo kwenye menyu huwa na majina kama Dynamic Contrast, DCR au ACR, pamoja na hali ya kuokoa umeme na ile inayobadilisha mwangaza kwa kufuata picha iliyopo. Vitu hivyo vikibaki vinafanya kazi, kioo kitakuwa kinabadilika chini ya mikono yenu na kila mtakachokirekebisha hakitakuwa na maana.

Kigeukieni chumba pia. Mkiuweka mwangaza sawa usiku kisha mkahariri mchana dirisha likiwa wazi nyuma ya kiti, mmefanya kazi bure, kwa maana jicho hupima kioo kwa kukilinganisha na kila kitu kilichokizunguka. Meza ikae ubavuni mwa dirisha, pazia zito liwepo, na taa ya chumba iwe ileile saa zote za kazi. Ukuta ulio mbele ya mhariri ukiwa wa kijivu au mweupe usiong'aa ni bora kuliko ule wa pinki au kijani ambao studio nyingi hupenda kuupaka kwa ajili ya wateja. Upakeni rangi hiyo chumba cha mapokezi.

Baada ya mwangaza ndipo rangi. Kwenye menyu kuna sehemu ya joto la rangi, ambayo hupimwa kwa kelvini au hupewa majina kama Warm, Normal na Cool. Monita nyingi hutoka zikiwa upande wa ubuluu, kwa sababu weupe wenye ubuluu huonekana msafi dukani. Madhara yake huonekana kwenye ngozi: mhariri anaona uso wa mtu umepoa, anauongezea wekundu na manjano hadi upendeze machoni pake, na picha iliyochapishwa inatoka na uso mwekundu kama wa mtu aliyekaa juani. Chagueni 6500, ambayo ndiyo nyeupe ya kawaida ya kazi za picha na video, au hali iliyoandikwa sRGB, mfumo wa rangi wa picha nyingi za mtandaoni, kama monita yenu inayo. Gama, yaani namna mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe, iwe 2.2.

Jaribio la mwisho ni lile la suti. Katika programu yenu ya kuhariri, jazeni ukurasa kwa weusi kamili, kisha juu yake choreni visanduku vidogo vya kijivu vyenye thamani ya 5, 10, 15 na 20 katika kipimo cha 0 hadi 255. Chumba kikiwa na mwanga wake wa kawaida, cha 20 na cha 15 vinapaswa kuonekana bila taabu, cha 10 kwa kukitafuta, na cha 5 kinaweza kupotea. Ikiwa vyote vinne vimemezwa, kola ya bwana harusi nayo imemezwa, na hamtajua imo au haimo hadi karatasi irudi. Mfanye hivyo hivyo upande wa weupe kwa 255 dhidi ya 250 na 245.

Ombeni pia kutoka maabara profaili ya ICC ya karatasi na mashine yao. Hii ni faili ndogo inayoeleza rangi ambazo mashine hiyo inaweza kuzitoa. Mfumo huo umekuwa ukisimamiwa na muungano wa kimataifa wa makampuni tangu 1993, na programu za kuhariri zinazojulikana huisoma na kuwaonyesha kwenye kioo jinsi picha itakavyoonekana ikichapishwa. Buluu ya umeme na kijani kikali ndizo zitakazopungua zaidi. Ni heri mlione pungufu hilo mezani kwenu kuliko mteja alione kwenye albamu. Na zile picha mlizoziongezea mwanga kwa kubahatisha, zirudieni upya baada ya kuiweka monita sawa, kwa kuwa huenda baadhi yake sasa zimepotelea upande wa pili.

Kaka mshauri, hujambo? Nipo Mombasa. Nimenunua monita iliyotumika ya inchi 22, kioo chake kizima bila doa, lakini herufi zina ukungu na kingo zake zina vivuli vya rangi. Nimeiunganisha na laptopu yangu ya zamani kwa waya ule wenye plagi ya buluu. Aliyeniuzia anasema nimezoea kioo kidogo. Je, nimeuziwa mbovu?

Sijambo, ndugu yangu, na sidhani kama umeuziwa mbovu. Kioo cha monita kina idadi maalumu ya pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, kilizotengenezwa nazo, na huonyesha picha safi pale tu kompyuta inapotuma idadi hiyo hiyo. Monita ya inchi 22 mara nyingi ina pikseli 1920 kwa 1080, ilhali laptopu nyingi za zamani zina 1366 kwa 768. Ukiwa umeiweka laptopu inakili kioo chake kwenye monita, kila pikseli moja inayotumwa inatakiwa ijaze pikseli 1.4 za monita, jambo lisilowezekana, na hivyo monita inalazimika kuchanganya rangi za majirani ili kuziba nafasi. Ukungu unaouona ndio mchanganyiko huo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, uchague monita peke yake au vioo viwili vinavyoendeleana badala ya kunakiliana, kisha kwenye mipangilio ya mwonekano uchague rezolusheni, yaani idadi ya pikseli, iliyoandikwa kuwa ndiyo inayopendekezwa. Herufi zikiwa ndogo mno kwako, usishushe rezolusheni. Pandisha ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125, nazo zitakua huku zikibaki kali.

Waya wako nao una mchango. Plagi ya buluu yenye pini 15 ni ya VGA, mfumo wa analogi ulioanza 1987, ambamo monita haipokei namba bali mawimbi ya umeme, na hulazimika kukisia pikseli moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Ikikosea kidogo tu, kingo za herufi hupata vivuli. Fungua ukurasa uliojaa maandishi kutoka ukingo hadi ukingo, kisha ubonyeze kitufe cha Auto kwenye monita. Ukibonyeza ukiwa na ukurasa mtupu haitakuwa na cha kujipimia. Vivuli au mtetemo vikibaki, menyu ina sehemu za Clock na Phase: ya kwanza huondoa mistari ya wima inayopita kwenye kioo, ya pili hukaza kingo za herufi. Lakini kama laptopu na monita zote zina tundu la HDMI au DisplayPort, nunua waya huo na uachane na kazi yote hii.

Mambo mawili madogo ya kumalizia. Sehemu iitwayo Sharpness ikipandishwa huongeza ukingo mweupe kuzunguka herufi, na wengi huudhania kuwa ukali. Irudishe kwenye namba yake ya kati. Na Windows ina chombo kiitwacho ClearType, ambacho hukuonyesha sampuli za maandishi na kukuuliza ipi inasomeka vizuri zaidi. Kitumie baada ya kuweka rezolusheni sahihi, si kabla.

Assalam alaykum. Mimi ni Mswahili ninayeishi Maskati, nahariri video za harusi na za hafla. Nimehama kutoka monita ya zamani kwenda mpya niliyoiunganisha kwa HDMI. Weusi wote umekuwa kijivu kama moshi, na weupe umefifia. Nimepandisha kontrasti mpaka mwisho bila mafanikio.

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kwanza irudishe kontrasti ilipokuwa. Tatizo lako linatokana na kutoelewana kati ya kompyuta na monita, na hakuna kitufe cha rangi kinachoweza kulitibu. Kompyuta huhesabu mwanga wa kila rangi kuanzia 0 hadi 255. Televisheni zimerithi utaratibu mwingine, ambamo nyeusi ni 16 na nyeupe ni 235. Waya wa HDMI ulitengenezwa kwa ajili ya televisheni, na kadi ya michoro ikiona kifaa kinachopokea 1920 kwa 1080 kupitia waya huo, wakati mwingine huamua kuwa ni televisheni na kutuma kwa utaratibu wa 16 hadi 235. Monita yako inasubiri 0. Ikipokea 16 inaionyesha kama ilivyo, yaani kijivu kilichokolea, na 235 inaionyesha kama nyeupe iliyochoka. Mambo yakigeuzwa, kompyuta itume utaratibu mpana na kioo kisubiri ule mfupi, weusi wa buibui na weusi wa kivuli chake vitaungana.

Rekebisha kwenye kompyuta. Kwa kadi za NVIDIA, fungua paneli yake ya udhibiti, nenda kwenye ukurasa wa rezolusheni, na mahali palipoandikwa Output dynamic range uchague Full. Kwa kadi za AMD, tafuta Pixel Format uchague RGB 4:4:4 Full. Monita nyingine zina sehemu yao wenyewe kwenye menyu, iitwayo RGB Range au HDMI Black Level. Pande zote mbili lazima ziwe zinasema jambo moja. Mabadiliko utayaona papo hapo, kama pazia lililoondolewa mbele ya kioo.

Kwa kuwa ni mhariri wa video, ongeza haya. Kiwango cha televisheni za HD, Rec. 709, kina rangi zile zile za msingi na nyeupe ile ile ya 6500 iliyomo katika sRGB, kwa hiyo monita nzuri ya sRGB inakutosha. Gama ndiyo hutofautiana: wanaofanya kazi katika chumba chenye giza hutumia 2.4, na wanaofanya kazi kwenye mwanga wa kawaida hubaki na 2.2. Video zako zinatazamwa zaidi kwenye simu sebuleni na barabarani, hivyo mimi ningebaki na 2.2.

Na kama siku moja utatumia televisheni badala ya monita, ukaona mwambaa wa chini wa Windows umekatwa, televisheni inaikuza picha kwa asilimia chache kama ilivyozoea kufanya kwa matangazo. Tafuta hali iitwayo Just Scan, Screen Fit au 1:1, na uipe tundu hilo la HDMI jina la PC; kwa baadhi ya televisheni jina hilo peke yake huzuia ukuzaji na kurudisha ukali wa maandishi yenye rangi.

Dada au kaka mshauri, nauza kanga na vitenge kwa mtandao kutoka Nairobi. Nina monita mbili mezani, na kitenge kile kile kina wekundu tofauti kwenye kila moja. Baya zaidi ni kwamba wateja wananirudishia mizigo wakisema rangi si ile waliyoiona. Ipi kati ya monita hizi inasema kweli?

Huenda zote mbili hazisemi kweli, ila yapo ya kufanya. Mwaka 1996 kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft zilipendekeza mfumo wa pamoja wa rangi uitwao sRGB, ambao mwaka 1999 ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa. Picha nyingi zilizomo mtandaoni zimeandikwa kwa mfumo huo. Monita mpya nyingi, hata hivyo, zinatangazwa kwa uwezo wa kutoa rangi pana kuliko sRGB. Programu isiyojali mfumo wa rangi ikiipelekea monita ya namna hiyo picha ya sRGB, kila rangi hunyooshwa hadi kwenye ukingo wa uwezo wa kioo, na mara nyingi wekundu huonekana umekolea kupita kiasi. Kanga yenye wekundu wa damu ya mzee huonekana kama taa ya breki. Pengine monita yako moja ni ya namna hiyo na nyingine ni ya kawaida. Ziweke zote kwenye hali ya sRGB, zote kwenye 6500, na uzisawazishe mwangaza kwa ile karatasi nyeupe niliyoieleza juu.

Zikibaki na tofauti, chunguza aina ya paneli. Kaa katikati ya monita, kisha inua kichwa na kukishusha ukitazama rangi moja iliyojaza kioo. Rangi ikigeuka sana unaposogea, hiyo yamkini ni paneli ya TN, ambayo haifai kuamulia rangi ya kitambaa hata ukiirekebisha vipi. Nyingi kati yake zina viwango 64 tu kwa kila rangi ya msingi, yaani rangi 262,144, badala ya milioni 16.7 za paneli nzuri, na pengo hujazwa kwa kupepesa rangi mbili za jirani kwa zamu. Paneli ya IPS hubaki imara ukisogea. Ipe monita ya IPS kazi ya picha, na ile nyingine iwe ya barua, hesabu na orodha ya maagizo. Usipoteze siku nzima kutafuta zifanane.

Kuhusu wateja, nakuomba uelewe kwamba simu zao huna mamlaka nazo. Simu nyingi hutoka zikiwa kwenye hali ya rangi kali, na mteja anaweza kuwa amewasha mwanga wa manjano wa usiku. Unachokiweza ni kuhakikisha kwamba picha yenyewe ni sahihi inapotoka kwako. Piga kitambaa kivulini mchana, mbali na ukuta wenye rangi, na picha moja iwe na kadi ya kijivu iliyolazwa juu ya kitambaa. Katika programu ya kuhariri utaigusa kadi hiyo kwa alama ya kusawazisha weupe (White Balance) na rangi zote zitajipanga. Hifadhi kwa sRGB pamoja na profaili yake. Kisha andika rangi kwa maneno: nyekundu iliyoiva, buluu ya bahari kuu, manjano ya bizari. Zipo rangi za vitambaa, hasa buluu-kijani iliyokolea sana, ambazo zimo nje ya uwezo wa sRGB kabisa, na kwa hizo maneno yako ndiyo yatakayomfikishia mteja kile ambacho picha haiwezi.

Mpendwa mshauri, mimi ni karani Zanzibar. Ninaandika kutwa, na ikifika alasiri macho yanawasha na kichwa kinauma. Je, nibadilishe rangi ya kioo, au ninunue ile miwani ya kuzuia mwanga wa buluu?

Dada yangu, pole sana. Anza na mwangaza, kwa karatasi ileile unayonakili. Ikiwa kioo kinang'aa kuishinda karatasi hiyo, macho yako yanafanya kazi ya kujirekebisha mamia ya mara kwa siku. Kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu usiupite usawa wa macho, na dirisha lisiwe mbele yako wala nyuma yako. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, na upepese macho kwa makusudi, kwa kuwa mtu anayetazama kioo hupepesa mara chache kuliko kawaida na macho hukauka. Miwani hiyo usiifanye kuwa dawa ya kwanza. Ushahidi wa kwamba hupunguza uchovu wa macho ni hafifu. Hali ya mwanga wa usiku iliyomo kwenye Windows tangu 2017 hupunguza ubuluu bila gharama, na unaweza kuiwasha jioni ukiipenda, ila anayefanya kazi za rangi aizime kabla ya kuanza.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: baadhi ya monita hupunguza mwangaza kwa kuiwasha na kuizima taa ya nyuma kwa kasi kubwa, na wapo watu ambao kupepesa huko huwaumiza kichwa. Shusha mwangaza, kisha itazame monita kupitia kamera ya simu. Mistari mizito meusi ikitembea kwenye kioo, inafaa kujaribu monita nyingine kwa wiki moja. Na maumivu yakiendelea hata baada ya haya yote, nenda ukapimwe macho. Mara nyingi jibu huwa ni miwani ya kusomea ambayo mtu hakujua kuwa anaihitaji.

Nimenunua monita iliyoandikwa HDR 400 hapa Kigali. Nikiwasha HDR kwenye Windows kila kitu kinapauka. Nifanye nini?

HDR ni hali ya kuonyesha picha zenye tofauti kubwa kati ya giza na nuru. Izime kwa kazi za kawaida. Daraja la 400 ndilo la chini katika daraja za DisplayHDR zilizoanzishwa na VESA, muungano unaoweka viwango vya monita, mwishoni mwa 2017. Linadai mwangaza wa kilele wa kandela 400, lakini haliilazimu monita kuwa na taa ya nyuma inayoweza kufifizwa sehemu kwa sehemu, na bila hiyo giza na nuru haziwezi kukaa pamoja kwenye kioo kimoja. Ukitaka kutazama filamu iliyotengenezwa kwa HDR, bonyeza Windows, Alt na B kwa pamoja kuiwasha, na uizime kwa vitufe vivyo hivyo ukimaliza. Kitelezi cha mwangaza wa maudhui ya kawaida, kilichomo kwenye mipangilio ya HDR, kitakupunguzia mpauko ukiwa umeiacha imewaka.

Je, kuna haja ya kununua kifaa cha kupimia rangi? Nina duka la kubuni mabango na kadi Mwanza, na bei yake inanitisha.

Kama wateja wako hukulipa kwa rangi, nembo ya kampuni, kadi ya harusi, bango la chama, basi ipo haja, maana jicho huzoea kosa ndani ya dakika chache na haliwezi kujishuhudia. Kifaa hicho, kolorimita, huning'inizwa mbele ya kioo, husoma rangi zinazoonyeshwa moja baada ya nyingine, na kutengeneza profaili inayosahihisha kilichokosewa. Hufanyi hivyo mara moja ukasahau, kwa kuwa taa ya monita huchakaa. Rudia kila mwezi. Bei isikukatishe tamaa: kifaa kimoja hupima monita nyingi, na vingi kati yake hufanya kazi na DisplayCAL na ArgyllCMS, ambazo ni programu za bure. Wenye maduka manne au matano ya mtaa mmoja wanaweza kuchangishana, wakanunua kimoja, na kila duka likapangiwa wiki yake. Kabla ya kukitumia kwa mara ya kwanza, rudisha monita kwenye mipangilio ya kiwandani, weka mwangaza kwa karatasi, chagua 6500, iache iwake nusu saa, kisha ndipo ukining'inize.